Bastola ya kukodi haina leseni

Eti kuwakagua upya wenye leseni za bunduki kutapunguza ujambazi Nairobi. Fred Matiang'i, aliyekuwa waziri wa usalama wa ndani, aliagiza ukaguzi kama huo Desemba 2018, wakajitokeza watu wenye vyeti vyao mkononi. Kijana aliyenielekezea bastola kwenye dirisha la duka langu Kayole hakuwa na cheti cha kukaguliwa. Mpini ulikuwa umezungushiwa mpira wa tyubu, na mkono ulimtetemeka. Alifyatua moja juu. Niliandikisha taarifa, lakini ganda la risasi likakaa kizingitini siku mbili, hakuna aliyekuja kulichukua. Mtaani wanasema bastola kama ile hukodishwa usiku mmoja, asubuhi inarudi kwa mwenyewe. Huyo mwenyewe ndiye wa kusakwa, na anayemuuzia risasi pia. Kuna msomaji hapa ambaye kesi yake ilifuatiliwa mpaka silaha ikapatikana?