Ukuta wa jiko nimeurudisha

Miaka miwili iliyopita nilimlipa fundi abomoe ukuta kati ya jiko na sebule. Mwezi uliopita nimemlipa fundi mwingine aujenge upya. Vumbi la saruji bado halijanitoka kichwani, kwa hiyo mtanisamehe nikiwa mkali kidogo.

Tunaishi kwenye fleti ya vyumba viwili Upanga, Dar es Salaam, ghorofa ya tatu, katika majengo yale ya zamani yenye ngazi za terazo na matofali ya matundu yanayopitisha upepo. Jiko lina mita mbili kwa tatu kasoro. Sebule nayo si uwanja. Fundi wa kwanza alipoingia alisimama mlangoni, akagonga ukuta kwa kidole, akasema, "Dada, huu ukiondoka, hapa ni Ulaya kabisa." Alinikuta nimeshaiva, maana picha nilikuwa nimeziangalia kwenye simu mpaka usiku wa manane: kaunta ya graniti, viti virefu vitatu, taa zinazoning'inia, bakuli la malimau. Katika picha zile hakuna anayepika. Hilo nililiona nimeshachelewa.

Wiki ya kwanza tulikaanga vibua. Harufu ikaingia kwenye makochi, kwenye mapazia, ikaenda mpaka kabatini kwenye sare za mtoto. Baada ya miezi michache feni ya sebuleni ilikuwa na utando wa mafuta unaonata, na vumbi lote la barabarani limejishikiza hapo. Mgeni akija, kinachompokea kwanza ni sinki lenye vyombo vya mchana. Halafu akaja mama mkwe kutoka Tanga. Yeye hupika kanga kifuani, jasho linamtiririka, na hiyo ni haki yake. Sasa kila hodi ikibishwa ikawa ni kukimbilia chumbani na mwiko mkononi. Siku ya tatu akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, kwa nini mnanipikisha barazani?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Jiko la wazi linamfaa mtu anayechemsha yai na kupasha chakula cha jana. Sisi tunaunga vitunguu mpaka vibadilike rangi, tunachemsha nazi, tunakaanga samaki siku ya kawaida tu ya wiki. Mapishi haya yanataka mlango.

Na hiyo Ulaya ya fundi wangu nimeifuatilia. Mwaka 1926 msanifu wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alichora jiko la nyumba za gharama nafuu za mji wa Frankfurt. Upana kama mita 1.9, urefu kama 3.4, yaani si mbali na kipimo changu. Alijifunza kwenye jiko la behewa la chakula la treni, akapima hatua za mpishi kutoka sinki hadi moto, akaweka droo za alumini zenye mdomo wa kumiminia mchele na sukari. Yakafungwa majiko kama elfu kumi. Kati ya jiko na sebule aliweka mlango wa kuteleza, unaufungua umwone mtoto, unaufunga mvuke usitoke. Mwenyewe alikuja kukiri kwamba kabla ya kulichora alikuwa hajawahi kupika! Ndiyo maana, nadhani, lilimtosha mtu mmoja tu. Wawili wakiingia ni vikumbo. Lakini mlango aliuona. Mkubwa wake wa mradi, Ernst May, mwaka 1934 alihamia Tanganyika akalima karibu na Arusha, kisha akaenda Nairobi, akachora upanuzi wa mji wa Kampala na hoteli ya Oceanic ya Mombasa. Kwa hiyo fikra hizi si za mbali kama tunavyodhani.

Kuhusu kubomoa kwenyewe nitasema kidogo. Ukuta wangu ulikuwa wa tofali za inchi tano, wa kugawa tu, haukubeba kitu. Ilikuwa bahati, maana sikumwuliza mhandisi. Wewe muulize. Na kama nyumba ni ya kupanga, mwenye nyumba akubali kwa maandishi.

Fedha niliyoimwaga kwenye viti virefu (vinakaliwa na paka wa jirani) ningeanza nayo kwenye gesi. Fundi seremala alinitengenezea kabati zuri la kuficha mtungi, milango imebana, hakuna tundu hata moja. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu kutokea dirishani, inatambaa chini na kujikusanya, halafu mtu anawasha kiberiti. Sasa mtungi wangu uko nje kwenye balkoni, mpira unapita kwenye tundu la ukuta, na mlango wa balkoni nimeukata matundu kwa chini. Juu ya moto nimeweka feni ya kutolea hewa inayotoa nje kwelikweli, si ile inayozungusha moshi ule ule ndani.

Makabati ya MDF, zile mbao za unga wa mti uliogandamizwa kwa gundi, nayo yalinifunza adabu. Sisi tunaosha sakafu kwa ndoo na fagio, maji yanakwenda yanakotaka. Mbao zile zikinywa maji zinavimba kama andazi, na hazirudi tena. Safari hii fundi ametanguliza ngazi ya zege ya sentimita kumi, kabati likakaa juu yake, na sehemu ya chini ya sinki nimeiacha wazi, pazia tu. Maji nayo hayatoki kila siku, kwa hiyo pipa lazima liwepo. Lita 200 ni kilo 200, kabla ya kuhesabu pipa lenyewe. Nilikuwa nimeliweka kwenye ukingo wa balkoni ya mwaka gani sijui, nikilikumbuka nasisimka. Sasa nina madumu, yamepangwa ndani kando ya ukuta.

Kisha kuna vitu ambavyo hakuna picha inayovionyesha. Mbuzi, kwa mfano. Kukuna nazi unakaa chini, unanyoosha miguu, sinia mbele yako. Jiko la kaunta pande tatu halina pa kukalia, kwa hiyo mbuzi wangu alihamia bafuni, aibu tupu. Na sufuria za shughuli: nilizipima baada ya kabati kwisha, hakuna hata moja iliyopita mlangoni. Kaunta yenyewe ilikuwa juu mno, mama mkwe alikata mchicha mabega yakiwa masikioni. Ya sasa tumeipima kwenye kiwiko chake yeye, tukashusha sentimita kumi. Mimi nainama kidogo. Si neno, mpishi wa nyumba hii ni yeye.

Ukuta umerudi, na katikati yake tumeacha dirisha dogo la kupitishia sahani. Mlango wa kuteleza fundi ameahidi Ijumaa, na Ijumaa zimeshapita tatu. Kwa sasa pale mlangoni imening'inia kanga. Jina lake silisemi, majirani wanasoma hapa watadhani nimewapiga kijembe.