Niambie Nisikilize Wapi

Ijumaa iliyopita nilitumiwa orodha ya nyimbo mpya, na mwandishi wake alijivunia kwamba amegusa kila upande: pop, elektroniki, soul na metali, yaani muziki wa magitaa mazito na sauti za kunguruma. Niliisoma yote, nikaisikiliza yote, na hasira niliyomaliza nayo bado haijanitoka. Kila wimbo ulikuwa "mkali", kila msanii alikuwa "moto wa kuotea mbali", na sifa za wimbo mmoja zingeweza kuhamishiwa mwingine bila msomaji kugundua. Metali ilisukumwa mwisho kabisa, tena kwa onyo kwamba haiwafai wenye masikio laini. Hakuna hata mahali pamoja nilipoambiwa nielekeze sikio.

Tangu tarehe 10 Julai 2015, kampuni za muziki zilipokubaliana kwamba kazi mpya ziachiwe duniani kote siku ya Ijumaa, orodha za namna hii hutoka kila wiki, na waandishi wake hukimbizana na saa. Haraka hiyo naielewa. Hata hivyo, anayependekeza wimbo anaomba muda wa mtu, na kwa kuwa anaomba muda huo, anawajibika kusema ndani ya wimbo kuna nini na kunapatikana wapi.

Chukua mfano wa Michael Kiwanuka, mwimbaji wa soul wa London ambaye wazazi wake wanatoka Uganda. Albamu yake ya 2016 inafunguliwa na "Cold Little Heart", wimbo wa karibu dakika kumi ambao karibu nusu yake ya kwanza hauna ubeti wowote: kuna vinanda vya nyuzi, sauti za waitikiaji zisizo na maneno, na gitaa linalolalamika polepole. Ukimtumia mtu wimbo huo kwa neno "mkali" peke yake, ataukatisha katika dakika ya pili akidhani simu yake ina hitilafu. Mwambie avumilie hadi Kiwanuka afungue kinywa, kisha ajiulize kama sauti ile ingekuwa na uzito uleule bila ngoja ngoja iliyoitangulia. Wengi wanaujua kwa toleo lililofupishwa, lililotumika katika tamthilia ya televisheni ya Marekani mwaka 2017, na hao hawajawahi kuisikia ile subira ambayo ndiyo wimbo wenyewe.

Singeli, muziki wa kasi wa mitaa ya Dar es Salaam, nayo huonewa kwa njia hiyohiyo. Mkusanyiko wa "Sounds of Sisso", uliotolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2017, uliwafikishia wasikilizaji wa mbali kazi za studio moja ya Mburahati, Dar es Salaam, na tangu hapo orodha nyingi huitia singeli katika fungu la elektroniki na kuishia kutaja kasi yake. Kasi ipo, kwani mapigo hupita 200 kwa dakika na mengine hukaribia 300. Lakini anayeisikia kwa mara ya kwanza akijaribu kuyafuata mapigo hayo atachoka na kuiita kelele. Anahitaji kuambiwa ayaache yaende zake, ashike kipande cha kinanda au cha taarabu kinachozungushwa juu yake, na atikise kichwa kwa nusu ya kasi, kwa maana hapo ndipo anayechana hupumulia na hapo ndipo wachezaji hukanyagia.

Kuhusu pop nitasema kidogo, kwa sababu haihitaji mtetezi: msikilize Zuchu katika "Sukari" anavyozivuta irabu, kisha umsikilize mama yake, mwimbaji wa taarabu Khadija Kopa, na utajua mvuto ule umetoka wapi.

Kinachoniuma ni metali. Inahitaji maelezo kuliko muziki mwingine wowote, nayo ndiyo hupewa machache kuliko yote. Mwaka 2020 wawili wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, walitoa albamu kwa jina la kundi lao, Duma, na ilizungumzwa Ulaya na Marekani kwa heshima kubwa, wakati hapa kwetu vituo vya redio viliendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwaka 2024 Khanja, kwa jina la Lord Spikeheart, alitoa "The Adept" chini ya lebo yake mwenyewe, Haekalu. Ni kitukuu cha Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyefikia cheo cha juu kabisa cha kijeshi katika Mau Mau, wapiganaji wa msituni waliopigania uhuru wa Kenya. Mtu akikwambia jambo hilo kabla hujabonyeza, ukelele wa kwanza utakufikia kwa namna nyingine kabisa: utasikia hasira yenye ukoo, yenye msitu na yenye miaka nyuma yake. Asipokwambia, utasikia mtu anapiga kelele.

Na kuna mambo rahisi ya sikio ambayo hakuna anayejisumbua kuyaandika. Sauti ya kunguruma katika metali ni ala. Katika usikilizaji wa kwanza usitafute maneno. Sikiliza inavyopanda na kushuka juu ya ngoma, inavyogeuka kutoka mkoromo wa chini hadi mlio mwembamba, na ni wapi inanyamaza. Ukishaizoea sura hiyo, rudi kutafuta maneno. Mtu yeyote aliyewahi kusimama karibu na ngoma za usiku wa kuamkia jando hana haki ya kusema kwamba masikio yake hayawezi kubeba sauti nzito. Onyo la "masikio laini" linamdharau msikilizaji na linamdharau msanii, na ninaomba kwa dhati liachwe.

Najua nitaambiwa kwamba programu za kusikilizia muziki zimeshamaliza kazi hii. Spotify ilipofika Kenya, Tanzania na Uganda mwezi Februari 2021, wengi wetu tulishangaa jinsi ilivyotujua upesi. Lakini mashine inamlinganisha mtu na wanaosikiliza kama yeye, na kumpa walichopenda wao, kwa hiyo mpenzi wa taarabu atazungushwa katika taarabu hadi atakapoamua mwenyewe kutoka. Mwuza kanda wa mtaani kwetu alifanya kinyume chake: alinijua ninachopenda, akanipa kisichofanana nacho, akasema, "Anzia upande wa pili, wimbo wa tatu, usikilize besi."

Nakiri, ingawa si kwa moyo mkunjufu, kwamba mashine ndiyo iliyoniletea Arka'n Asrafokor, bendi ya metali kutoka Lomé, Togo, waliotoa albamu ya "Dzikkuh" mwaka 2024. Niliipita mara ya kwanza. Niliirudia baada ya rafiki yangu aliyewahi kuishi huko kunieleza kwamba midundo iliyo chini ya magitaa ni ya ngoma za Waewe, watu wa huko, na kwamba nisikilize gitaa linavyoufuata mdundo huo badala ya kuutawala. Sasa wimbo wowote wa albamu ile ukianza, sikio langu huenda moja kwa moja kwenye ngoma.