Mpimeni Mzee Presha Akiwa Amesimama

Tumezoea kumpima mzee presha akiwa amekaa, mkono umetulia mezani. Namba inaandikwa kwenye kadi, anaambiwa aendelee na dawa zilezile. Kisha anainuka. Anashika ukingo wa meza, anasita, ndipo anapiga hatua. Hakuna anayeliandika hilo, na kwa maoni yangu ndilo lililokuwa na habari nyingi zaidi siku hiyo.

Presha tumemwachia daktari. Kuishiwa nguvu tunasema ni umri. Kusahau tunakucheka, mpaka siku mzee anapopotea njia ya kurudi nyumbani. Mwilini mambo hayajagawanyika hivyo. Presha ikikaa juu miaka mingi, kuta za vishipa vidogo vya ubongo huwa nene na ngumu, damu hupita kwa shida, na nyuzi zinazounganisha sehemu za ubongo huharibika. Nyuzi hizo humsaidia mtu kupanga mambo, na pia kutembea sawasawa. Ndiyo maana mwendo wa mzee unaweza kuzorota kabla hajaanza kusahau majina.

Presha inayohusishwa zaidi na demensia, yaani kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, ni ile ya umri wa makamo. Kwa hiyo yule mwana aliyemsindikiza mzee kliniki, naye angenyoosha mkono apimwe.

Wapo wanaosema mtu wa miaka 80 dawa za presha za nini tena. Sikubaliani nao. Utafiti wa HYVET, uliotolewa 2008, uliwahusu watu wa umri huo na kuendelea. Waliotibiwa kwa lengo la 150/80 walipungukiwa vifo na moyo kushindwa kufanya kazi. Ule wa SPRINT ulilenga kushusha namba ya juu ya presha iwe chini ya 120, na matokeo ya 2019 yakaonyesha upungufu wa matatizo madogo ya kumbukumbu, ingawa kwa demensia yenyewe tofauti haikutosha kuthibitisha.

Ila SPRINT haikuwachukua wenye kisukari, wenye demensia, wala wanaoishi kwenye makao ya wazee. Na HYVET iliwapima watu wakiwa wamesimama pia. Ambaye namba yake ya juu ilikuwa chini ya 140 akisimama hakuingizwa. Namba za tafiti hizi tunazinukuu, hicho kipengele tunakiruka.

Kumpima hivyo hakuhitaji mashine mpya. Apimwe akiwa amelala au amekaa, asimame, apimwe tena baada ya dakika 1 na baada ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, hiyo ni dalili ya hatari ya kuanguka, na nyonga ikivunjika mzee huyo huenda asirudie hali yake ya zamani. Kisha aondoke kwenye kiti, atembee mita 3, ageuke, arudi akae. Akitumia sekunde 12 au zaidi, kuna la kuulizwa. Amepungua uzito bila kukusudia? Anachoka kwa kazi ndogo? Mkono umepoteza nguvu ya kukamata? Mtafiti wa afya ya wazee Linda Fried na wenzake waliviweka vipimo hivi pamoja mwaka 2001, wakijumlisha mwendo wa polepole na kutojishughulisha: ukiwa na vitatu kati ya vitano, wewe ni dhaifu kitabibu, hata kama presha yako inapendeza kwenye kadi.

Mzee wa namna hiyo akija na mfuko wa dawa, umwageni wote mezani. Mara nyingi humo mna ya usingizi, ya mkojo, ya maumivu, kila moja imeandikwa na mtu tofauti, na baadhi zinashusha presha au kuvuruga kumbukumbu bila kuitwa dawa za presha. Kupunguza ni kazi ya daktari, tena polepole, maana zipo ambazo ukiziacha ghafla presha inaruka juu. Lakini swali la ipi ipunguzwe linaweza kuulizwa na yeyote aliyeubeba huo mfuko.