Walichaguliwa Kabla ya Kupigwa

Mauaji ya Kipindi cha Ujenzi Upya nchini Marekani, yaani miaka ya 1865 hadi 1877 iliyofuata Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, bado hutajwa mara nyingi kuwa machafuko ya Wazungu wa majimbo ya Kusini wenye hasira za kushindwa vitani. Mimi sikubaliani na maelezo hayo. Mwenye hasira humpiga yeyote aliye mbele yake, ilhali wengi wa waliowindwa wakati ule walijulikana kwa majina, kwa vyeo na kwa kazi walizozifanya.

Chukua mfano wa Abram Colby, aliyezaliwa mtumwa na baada ya vita akawa mbunge katika jimbo la Georgia. Kwanza aliahidiwa fedha nyingi ili aachane na chama cha Republican, kilichotetea wakati ule haki za watu Weusi, naye akakataa. Usiku wa tarehe 29 Oktoba 1869, watu wa Ku Klux Klan, kundi la siri la Wazungu lililowatisha na kuwaua watu Weusi, wakavunja mlango wake, wakamtoa kitandani na kumburuta hadi msituni, huku binti yake mdogo akiwasihi wasimchukue na mmoja wao akimwelekezea bunduki. Katikati ya kipigo wakamuuliza kama angekipigia tena kura chama chake. Akajibu kwamba hata uchaguzi ukifanyika kesho yake angekipigia, nao wakaanza upya kumcharaza, wakamwacha wakidhani amekufa. Alipohojiwa na kamati ya Bunge la Marekani, Colby alieleza kwamba baadhi yao walikuwa waheshimiwa wa mji: mwanasheria, daktari, wakulima. Swali lile msituni, kwa maoni yangu, linatosha kuonyesha kwamba kilichotafutwa ni kura yake.

Mwaka 1870, Wyatt Outlaw, kiongozi Mweusi wa mji wa Graham, North Carolina, alinyongwa na watu wa Klan juu ya mti karibu na mahakama. Wala tusidhani kwamba balaa hili lilikuwa la Kusini peke yake. Octavius Catto, mwalimu Mweusi aliyepigania haki ya watu Weusi kupanda magari ya abiria ya Philadelphia, mji wa Kaskazini, alipigwa risasi mtaani siku ya uchaguzi, tarehe 10 Oktoba 1871, akiwa na umri wa miaka 32. Aliyeshtakiwa kwa mauaji hayo aliachiwa huru mwaka 1877, ingawa mashahidi walimtambua.

Wapo wanaosema serikali haikuwa na uwezo wa kuzuia maovu haya. Uwezo ulikuwepo. Mwaka 1871 Rais Ulysses Grant, akitumia sheria mpya ya Bunge dhidi ya Klan, alipeleka askari katika wilaya tisa za South Carolina na kuruhusu washukiwa wazuiliwe bila kufikishwa kwanza mbele ya hakimu. Mamia wakakamatwa, na Klan ya huko ikavunjika nguvu. Kilichokosekana baadaye ni nia ya kuendelea. Mwaka 1876 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi iliyotokana na mauaji ya makumi ya watu Weusi mjini Colfax, Louisiana, mwaka 1873, iliwafutia hatia wachache waliokuwa wametiwa hatiani, ikisema kuwa Katiba inaizuia serikali ya jimbo kuvunja haki za raia na si mtu binafsi. Kwa hukumu hiyo, wajane wa Colfax waliambiwa wakatafute haki kwa majimbo yaleyale ambayo polisi na wazee wa baraza wake waliwajua wauaji na kuwanyamazia.