Kabla ya kukata shingo, mizani itulie kwanza

Mwezi uliopita nilimsindikiza dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, kwa daktari bingwa wa upasuaji wa urembo hapa Dar es Salaam. Ana miaka 47, binti yake anaolewa Desemba, na kwenye picha za kuvishana pete alijiona ana kidevu cha pili ambacho hakijampa usingizi tangu siku hiyo. Alikuwa na miezi minne kwenye sindano za kupunguza uzito, ametoka kilo 92 hadi 81, na alikwenda pale akitarajia kupangiwa tarehe. Daktari akamshika ngozi chini ya kidevu kwa vidole viwili, akaivuta, akaiachia, akaangalia inarudi kwa kasi gani. Akamwambia akaze shingo kama anayeng'ata kitu kigumu, akamshika tena. Akamwambia ameze mate. Kisha akasema: "Mama, wewe bado unapungua. Mizani ikikaa palepale miezi sita, rudi tuzungumze tarehe."

Kwenye gari dada hakusema neno mpaka tulipofika Mwenge. Alipofungua kinywa alisema, "Kaniona mnene mno, hataki hata kuhangaika na mimi."

Naandika kwa sababu ya sentensi hiyo. Nimeisikia kwa wengine pia, kwa maneno yanayofanana: watu waliotumwa nyumbani wapunguze uzito kwanza, wakaondoka wakiamini wamekataliwa au wametukanwa kistaarabu. Baadhi yao humtafuta daktari mwingine atakayekubali wiki hiyohiyo, na hawamkosi. Wanaosema mtu asicheleweshwe wana hoja za kweli, na nitazifikia. Lakini yule anayesema "subiri" ameeleweka vibaya sana, na ningependa tumsikilize kwanza.

Alichokuwa akikitafuta kwa vidole ni hiki. Mafuta ya shingoni yamekaa tabaka mbili, na katikati yake umepita msuli mpana mwembamba uitwao platisma, ule unaotokeza kama kamba mtu akikaza shingo. Msuli ukikazwa, mafuta yanayobaki vidoleni ni ya tabaka la juu, ambayo mrija wa kunyonyea mafuta unayafikia bila tabu. Yanayoponyoka vidoleni yako chini ya msuli, na hayo hayafikiwi mpaka shingo ifunguliwe. Kumeza mate ni kwa ajili ya tezi: rovu hupanda na kushuka mtu akimeza, mafuta hayafanyi hivyo, na kuna watu wanaohangaikia kidevu kumbe wanachohitaji ni kipimo cha tezi. Ngozi nayo, ikirudi taratibu baada ya kuvutwa, inasema nyuzi zake za elastini zimechoka. Kwa mtu wa namna hiyo kunyonya mafuta peke yake kutaiacha ngozi ikining'inia, hivyo itabidi ikatwe na kukazwa, na mshono upite mbele na nyuma ya sikio.

Sasa, ukiacha suala la tezi, kila jibu alilolipata daktari siku ile linabadilika mwili ukiendelea kupungua. Hakuna anayeweza kumwambia dada yangu kilo zake zinazofuata zitatoka wapi, mwili hauulizi. Huenda shingo ikapungua kiasi kwamba mrija utatosha. Huenda mafuta yakaisha yenyewe, ikabaki ngozi tu, na hapo mrija hauna kazi, kinachohitajika ni kukaza. Hizo ni operesheni mbili tofauti, kwa bei tofauti na makovu tofauti. Akifanyiwa leo, daktari atakata ngozi kwa kipimo cha kilo 81. Akifika 74, ile iliyokazwa italegea tena, na safari hii kuna ngozi pungufu ya kufanyia kazi na kovu la kwanza lipo.

Wapo wanaoligeuza hili. Wanasema: kama kupungua kutalegeza ngozi, basi heri nikazwe mapema, ngozi ikiwa bado imejaa. Naelewa fikra hiyo inakotoka, ila inasahau kwamba ngozi ina kazi yake ya kujirudisha. Baada ya uzito kusimama, ngozi huendelea kujivuta kwa miezi, kwa kijana zaidi kuliko kwa mtu mzima. Kwa hiyo sehemu ya kusubiri haihusu mafuta kabisa. Ni kuipa ngozi nafasi ya kumaliza kazi ambayo vinginevyo utamlipa mtu aifanye kwa kisu.

Kuna tarakimu moja ambayo tangu nilipoisoma haijanitoka kichwani. Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa wa semaglutaidi, dawa iliyomo ndani ya Ozempic na Wegovy: watu 1,961, wiki 68, na waliopewa dawa walipungua kwa wastani wa asilimia 14.9. Hiyo ndiyo namba inayotangazwa kila mahali. Mwaka uliofuata yakachapishwa matokeo ya sehemu yao, watu 327, waliofuatiliwa kwa mwaka mmoja baada ya kuachishwa dawa pamoja na ushauri wa mlo na mazoezi. Waliokuwa wakichoma dawa katika kundi hilo walikuwa wamepungua asilimia 17.3. Mwaka ulipoisha, asilimia 11.6 zilikuwa zimerudi, wakabaki na pungufu ya asilimia 5.6 tu. Yaani theluthi mbili ya kilichopotea kilirudi.

Ziweke namba hizo kwenye mwili wa dada yangu. Anaanza kilo 92. Akifuata wastani huo anashuka mpaka 76, anafurahi, anaacha sindano kwa sababu kila mwezi zinakula mshahara, na mwaka mmoja baadaye yuko kwenye kilo 87. Ana shingo tatu ndani ya muda usiofika miaka mitatu: ya 92, ya 76, ya 87. Nani atamkatia, na kwa kipimo kipi? Hapo katikati, kwenye 76, ndipo mtu anapojisikia yuko tayari kabisa, ana picha mpya, ana moyo, na ndipo kliniki inapompokea kwa mikono miwili. Na huo ndio wakati ambao, kwa wastani wa utafiti ule, mwili uko mbali zaidi na pale utakapokaa. Seli za mafuta zilizonyonywa hazirudi, ni kweli, lakini zilizobaki hujaa, pamoja na zile za chini ya msuli, na ngozi iliyokazwa juu yake hutanuka. Wastani si hatima ya mtu mmoja mmoja. Wapo wasiorudisha hata kilo moja. Ila huwezi kumjua ni yupi mpaka muda upite, na ndiyo maana madaktari wa upasuaji wa kurekebisha umbo huomba miezi mitatu hadi sita ya uzito uliotulia, na kwa waliopunguzwa tumbo kwa upasuaji husubiri mpaka mwaka au mwaka na nusu upite tangu operesheni ile.

Hesabu hii inawahusu pia waliowekewa puto tumboni, huduma ambayo sasa inapatikana hapa nchini, hospitali ya Mloganzila ikiwa mojawapo ya sehemu zinazoitoa. Puto la kawaida hukaa miezi sita, mengine mwaka, kisha linatolewa. Anayetaka kukazwa shingo aanze kuhesabu utulivu wake siku linapotoka, maana uzito unaotulia wakati puto bado limo ndani umeshikiliwa na puto.

Kwa ngozi zetu kuna jambo jingine, nalo nashangaa halipewi uzito mkubwa zaidi. Watu weusi tunapata keloidi, yale makovu yanayovimba na kukua kupita jeraha lenyewe, kwa kiwango kikubwa kuliko watu weupe. Na mahali keloidi inapopenda ni ndewe ya sikio, nyuma ya sikio na kwenye mstari wa taya. Kila aliyewahi kumwona binti aliyetoboa masikio yakaota uvimbe kama zabibu anajua ninachosema. Mshono wa kukaza shingo unapita hapohapo. Anayefanyiwa mara mbili kwa sababu ya kwanza ilifanywa mapema amejiweka kwenye bahati nasibu hiyo mara mbili. Ushauri mwingi unaosambaa mitandaoni kuhusu kurudia kukaza "ikilegea tena" umeandikwa na watu ambao hatari hii kwao ni ndogo.

Nusukaputi nayo inaongeza uzito upande huohuo. Sindano hizi za kupunguza uzito huchelewesha chakula tumboni, kwa hiyo mtu anaweza kufunga tangu usiku na bado akalazwa mezani akiwa na tumbo lenye chakula, kikapanda na kuingia mapafuni. Mwaka 2023 chama cha madaktari wa nusukaputi cha Marekani kilishauri anayechoma kila wiki aruke wiki moja kabla ya upasuaji usio wa dharura. Mwaka 2024 vyama kadhaa vililegeza: wengi wanaweza kuendelea na dawa, ila walio bado kwenye hatua ya kupandisha dozi wana hatari zaidi. Anayepandisha dozi, mara nyingi, ndiye huyohuyo ambaye mizani yake bado inashuka.

Nije kwa wanaopinga. Hoja yao yenye nguvu kuliko zote ni kwamba si kila kidevu cha pili ni cha unene. Kuna watu wembamba kabisa wenye shingo nzito kwa sababu taya ya chini ni fupi, au mfupa wa koo umekaa chini, na hilo wamelirithi kwa baba na babu. Kumwambia mtu wa aina hiyo apunguze kilo saba ndipo arudi ni kumchosha bure. Atarudi na kidevu kilekile na mashavu yaliyobonyea. Vilevile anayetaka kupunguza kilo tatu au nne tu, shingo yake haitabadilika kiasi cha kuharibu kazi ya daktari. Hapa nakubaliana nao moja kwa moja. Daktari anayetoa amri ya kupungua bila kushika shingo, kwa kuangalia mizani tu, amekosea, na mgonjwa wake ana haki ya kutafuta mwingine.

Pia wanasema neno "utulivu" linaweza kuwa mlango usiofunguka. Mwanamke anayekaribia kukoma hedhi, mwenye miaka ishirini ya kupanda na kushuka, utamsubirisha mpaka lini? Ni swali la haki. Ila kinachoombwa ni uzito unaokaa, hata kama ni mkubwa kuliko alioutamani. Mwenye kilo 85 zilizokaa miezi minane yuko tayari zaidi ya mwenye 70 aliyezifikia juzi. Laiti madaktari wangelisema hivyo waziwazi, kwa maneno hayo, wengi wasingetoka na kinyongo.

Hoja inayonigusa zaidi huwa haiandikwi na wataalamu. Kwetu, mtu akipungua haraka hapongezwi, anaulizwa anaumwa nini. Tulikulia katika miaka ambayo kukonda kulikuwa na maana moja, UKIMWI. Uganda ugonjwa wenyewe uliitwa "slim". Shingo na mashavu ndiyo ya kwanza kutangaza. Dada yangu amekwisha kuulizwa kazini, kanisani, hata na shemeji yake mbele ya watoto. Anapotaka ngozi ya shingo ikazwe sasa, sehemu ya anachokiomba ni watu waache kumtazama kama mgonjwa. Siwezi kuliita hilo tamaa ya urembo. Lakini pia siwezi kumwambia kisu kitalimaliza, kwa kuwa akiendelea kupungua baada ya operesheni, shingo italegea tena na maswali yatarudi palepale.

Wanaosafiri kwenda Uturuki au India kwa kifurushi cha wiki moja wako kwenye hali ngumu zaidi, maana tarehe imeamuliwa na tiketi na likizo kabla hata ya shingo kushikwa. Damu kuvilia chini ya ngozi, tatizo linalowasumbua zaidi waliokazwa uso na shingo, kwa kawaida hutokea ndani ya siku ya kwanza, na hapo bado uko karibu na daktari. Kulegea tena huonekana ukiwa umesharudi Kimara.

Linabaki suala la wanaokusudia kuendelea na sindano maisha yote. Kitabibu, uzito uliotulia kwa dawa ni uzito uliotulia. Huku kwetu, ambako wengi wanalipa kutoka mfukoni na kuna miezi dawa haipatikani, ningetaka mtu ajiulize kama ana uhakika wa kuinunua mwaka ujao na ule unaofuata, kabla ya kuikatia ngozi.

Dada hakutafuta daktari mwingine. Amenunua futi ya fundi cherehani, na kila Jumapili asubuhi kabla ya chai anajipima shingo na kuandika kwenye daftari la vikoba, ukurasa wa nyuma. Fundi wa gauni lake la sendofu naye amemwambia asije kupimwa kabla ya Novemba, na hilo alilipokea bila neno. Juzi alinionyesha daftari: sentimita 38 na nusu, 38, 38, 37 na nusu.