Mshipa wa jino ni upi?

Mama mkubwa akiumwa gego husema, "Mshipa umenishika." Siku moja daktari kijana akamsahihisha: "Mama, hiyo ni neva, si mshipa." Nilikuwa pembeni nimemshikia mkoba, nikanyamaza. Leo ningemtetea.

Kiswahili kinaita mshipa kinachopitisha damu na kinachopitisha hisia, na ndani ya jino viwili hivyo ni ndugu wa tumbo moja. Kwa mtu mzima huingia pamoja kwenye kitundu cha ncha ya mzizi, upana wake kwa kawaida haufiki milimita moja. Neva ya maumivu ikichokozwa haiishii kupeleka habari kwenye ubongo. Papo hapo humwaga kemikali, mojawapo ikiitwa CGRP, na mishipa ya damu iliyo jirani ikatanuka. Anayepiga kelele ndiye huyohuyo anayefungua bomba! Zipo na neva za kubana mishipa hiyo ya damu, zinazotoka kwenye fundo la neva lililo juu shingoni na kutumia kemikali iitwayo noradrenalini. (Adrenalini inayochanganywa kwenye sindano ya ganzi nayo hubana vivyo hivyo.)

Kidole kikiumia kitavimba, basi. Kiini cha jino, ile nyama laini ya ndani yenye mishipa hiyo, hakina pa kuvimbia, kimezungushiwa dentini, ukuta mgumu wa jino, kila upande. Damu ikizidi, shinikizo hupanda hapohapo penye kidonda. Ndiyo maana jino bovu husubiri ulale: kichwa kimeshuka usawa wa moyo, damu inakijaa, na zile neva za kubana zimelegea. Mama mkubwa hulala ameegemea mito mitatu. Hakufundishwa na mtu.

Kinachonikera ni jino kuhukumiwa kwa ushahidi wa neva peke yake. Mpwa wangu wa miaka 8 alianguka na baiskeli, akagonga jino la mbele. Kwenye kliniki moja wakamgusisha pamba yenye baridi, hakusikia kitu. Wakasema jino limekufa, litobolewe siku hiyohiyo. Neva imeulizwa, damu haijaulizwa! Jino lililogongwa linaweza kuwa bubu wiki kadhaa, hata miezi, huku damu inapita kama kawaida. Tena kwa mtoto wa umri ule ncha ya mzizi bado iko wazi, damu ina mlango mpana. Vipo vifaa vya kupima mwendo wa damu kwa mwanga wa leza, ila utavikuta zaidi kwa watafiti kuliko kwenye kliniki zetu. Kinachobaki ni subira: picha ya eksirei, kurudi kupimwa, kuangalia kama jino linabadilika rangi au fizi inatoa usaha.

Dada yangu alikataa litobolewe, akawa anamrudisha kila walipopangiwa. Mwezi wa tatu, pamba ileile, mtoto akaruka kitini.

"Kumbe linauma!" akasema, huku anacheka.