Gemu hizi si kufyatua risasi tu

Mwandishi, umesema gemu za mapigano za wakati ujao zote ni kufyatua risasi na kukusanya alama. Kwa gemu ya Cyberpunk 2077 sikubaliani nawe hata kidogo, na nasema hivyo nikiwa nimeimaliza mara tatu.

Chukua ile kazi ya mwanzoni ya kufuata roboti kwa genge la Maelstrom. Unaweza kulipa kwa pesa zako, kutoa chipu ya pesa uliyopewa na mwanamke wa Militech, kampuni ya silaha humo kwenye gemu, au kuingia na bunduki. Chipu yenyewe ina kirusi: ukiikabidhi ilivyo, umeamsha vita. Halafu kuna Brick, mkubwa wao wa zamani, kafungiwa chumbani na bomu limetegwa. Wengi humpita tu. Mimi nilihangaika kutafuta namba ya siri ya kufungua mlango, nikamtoa, nikasahau. Saa nyingi baadaye narudi kwa genge lile nimejiandaa kwa mapigano, namkuta Brick mbele yangu, na ananikumbuka! Moyo ulinidunda kwelikweli.

Kasoro za gemu hii ilipotoka Desemba 2020 zilikuwa nyingi, sikatai; Sony, wenye PlayStation, waliiondoa dukani kwao hadi Juni 2021. Lakini toleo la 2.0 la Septemba 2023 lilifumua mfumo wote wa ujuzi na wa polisi. Hata kinga ya mwili sasa inategemea vifaa unavyopandikiza, si koti ulilovaa, kwa hiyo hatimaye unamvalisha mhusika wako upendavyo. Hilo nalo ungeligusia.